Jina Lililojaa Ukuta

Jumamosi mchana Lorna alikuwa uani kwa mama yake akipura maharagwe, simu ikalia, akaisoma, na fimbo ikabaki hewani. Ujumbe ulitoka kwa Adrian. Hakuwa amemwandikia yeye, Adrian hakuwa na ubavu huo. Alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la timu ya mitambo ya kanisa, kundi ambalo Lorna ndiye aliyelianzisha na ambalo walisahau kumtoa walipokuwa wanamtoa kwenye kila kitu kingine. Adrian aliuliza hivi: juzi ameweka kadi mpya ya picha kwenye kompyuta ya kanisa ili video za harusi yake zitoke safi, na sasa kompyuta inataka kujisasisha mfumo mzima. Akubali?

Lorna alilijua jibu. Kazi yake ya mjini Embu ndiyo hiyo, kutunza kompyuta za ofisi, na ile ya kanisa la Kanja yeye ndiye aliyeiwekea Linux mwaka ule virusi vya flashi za wanakwaya vilipoishinda Windows. Kadi ya picha ina draiva yake, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Ukisasisha mfumo na draiva ikabaki nyuma, hao wawili hawaelewani tena. Kompyuta itawaka vizuri, itakuuliza jina na nywila, itakubali, kisha itakurudisha mlangoni uanze upya. Ndiyo maana Lorna alikuwa amefunga visasisho, ambavyo bila shaka Adrian alivifungua alipoweka kadi, na ndiyo maana jibu lilikuwa neno moja tu: usikubali.

Aliilaza simu kifudifudi juu ya gunia akaendelea kupura. Na msimsingizie kupitiwa, kwa sababu hakupitiwa.

Lorna na Adrian waliwahi kuketi pamoja kwenye meza ya mitambo, yeye kwenye kompyuta, Adrian kwenye sauti, na mapenzi yakaanzia hapo, katikati ya nyaya. Mimba ilipoonekana, baraza la wazee lilimwita Lorna peke yake. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Muriuki, baba yake Adrian. Lorna aliwaambia wazi baba wa mtoto ni nani. Mzee Muriuki alimsikiliza mpaka mwisho, akasema msichana akianguka hushika chochote kilicho karibu, na kwamba hatakubali jina la kijana wake lichafuliwe. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa zima na kutangaza adhabu: Lorna ataketi benchi la nyuma, hatashiriki meza ya Bwana, hatagusa chombo chochote cha ibada, na mtoto hatabatizwa mpaka mama atubu uongo wake.

Siku hiyo Adrian alikuwa kwenye mitambo. Sauti ya baba yake ilipokuwa hafifu, aliiongeza ili wa nyuma nao wasikie. Lorna alimwona akisogeza kile kitufe taratibu kwa kidole kimoja. Mengine yote angeweza siku moja kuyasamehe, lakini kidole kile hapana.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na asiye na baba wa kumkubali huitwa jina la kwa mama yake, mambo yakaisha. Wazee walitarajia Lorna amwite kwa jina la baba yake mwenyewe. Hakumwita hivyo. Hakumwita chochote. Kanja nzima ilimwita Bebi, na hata sasa alipokuwa anakimbiza kuku uani na kuwashinda mbio, bado alikuwa Bebi. Mama yake Lorna alimsihi sana ampe mtoto jina, binadamu hakai bila jina. Lorna alijibu kwamba jina analo, ila ataliweka siku ambayo litauma.

Halafu ikaja habari kwamba Adrian anamwoa Linda, mwalimu kutoka Mikinduri. Kanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mchungaji huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mbili zilishapita. Lorna aliketi benchi lake la nyuma akanyamaza, na watu walimgeukia kwa jicho la pembeni wakasema maskini, amekubali. Hawakumjua. Angesimama kupinga wangesema ni wivu, na Mzee Muriuki angemnyamazisha kwa aya mbili za Biblia. Alitaka kitu ambacho hakingeweza kunyamazishwa, na mpaka Jumamosi ile hakuwa amekipata.

Jumapili ya tatu watu wa Linda walikuja kutoka Mikinduri, wajomba na mashangazi waliovaa wakavalia, wakaketishwa mbele upande wa kulia. Upande wa kushoto walikaa Mzee Muriuki na mkewe Cicily, mwanamke mrefu mkimya ambaye watu walimwogopa kuliko mumewe. Jikoni nyuma ya kanisa mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa unapondwa, na harufu ya nyama ilikuwa inavuruga maombi ya watu. Mama yake Lorna alimpakata Bebi kwenye benchi la nyuma. Lorna aliketi kando yao akiwa amekunja mikono, akisubiri.

Hakusubiri sana. Ukutani, juu ya madhabahu, projekta ilionyesha ukurasa wa kuingilia, na katikati yake jina moja: Adrian Muriuki. Adrian aliandika nywila. Ukuta ukawa mweusi, ukamulika mara moja, kisha jina likarudi palepale. Akaandika tena, likarudi tena. Akazima, akawasha, akaingia, akarudishwa. Wajomba wa Mikinduri walianza kuhesabu kwa vichwa jinsi bwana harusi anavyofukuzwa na mashine yake mwenyewe, na mmoja wao akajifunika mdomo kwa leso.

Lingekuwa kanisa lingine wangefungua vitabu vya nyimbo ibada ikaendelea. Lakini Kanja walipopata skrini walijisikia watu wakubwa mno, wakavitoa vitabu vyote vya nyimbo sadaka kwa kanisa changa la kule nyanda za chini. Mchungaji alianzisha wimbo, ubeti wa kwanza ukaimbwa kwa nguvu, wa pili ukaimbwa na wachache, wa tatu ukabaki na mchungaji na mama mmoja kipofu. Na huko Marekani kulikuwa na ndugu wa Mzee Muriuki waliokaa macho kuangalia ibada moja kwa moja kwenye simu zao, na walichokuwa wanaona ni giza, ingawa sauti iliwafikia.

Adrian alishuka mpaka benchi la nyuma. Jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Lorna, please," alisema chini chini. "Hii kitu imekataa kabisa. Kuja tu uangalie."

"Mimi niko chini ya nidhamu," Lorna alimjibu, tena si chini chini. "Siruhusiwi kugusa chombo cha ibada. Muulize mwenyekiti."

Mchungaji akamtazama Mzee Muriuki. Mzee Muriuki akaangalia saa yake, akawaangalia wajomba wa Mikinduri, akaangalia ule ukuta, na jina la mwanawe lilikuwa bado limekaa hapo linasubiri nywila. Alisimama kwa shida.

"Wacha akuje," alisema.

"Sijasikia, mzee," Lorna alisema.

"Nimesema akuje. Nidhamu imeondolewa."

Lorna alitembea katikati ya kanisa bila haraka. Utamu alioupata kwenye ile njia, kati ya mabenchi na macho ya watu, hakuwahi kuuonja tena. Alipofika mezani alivuta kiti, akabonyeza vitufe vitatu pamoja, na ukurasa wa jina ukatoweka. Ukuta ulijaa weusi na maandishi madogo meupe. Mama mmoja wa kwaya alianza kukemea pepo, mchungaji akamwashiria anyamaze. Huo ni mlango wa nyuma wa Linux, wa wale wanaoijua. Picha ikigoma, maneno matupu bado hufanya kazi.

Mashine iliomba ruhusa ya mwenye nyumba. Adrian alikuwa ameifuta akaunti ya Lorna zamani, kwa hiyo aliinama yeye mwenyewe akaandika nywila, na hakuuliza ruhusa hiyo ni ya kufanya nini. Ruhusa ya aina hiyo ikishatolewa hukaa kwa muda. Lorna akamwambia amletee boksi la ile kadi, anataka kusoma namba yake. Adrian alikimbia ofisini kulitafuta.

Lorna alijua ugonjwa tangu jana. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba kompyuta ikikurudisha mlangoni, jambo la kwanza ni kutofautisha: je, shida ni ya mtumiaji huyu mmoja, faili zake zimevurugika, au ni ya mashine nzima? Na njia ya kutofautisha ni moja, unafungua mtumiaji mpya na kujaribu kuingia naye. Naye akirudishwa, basi mtu hana kosa, kosa ni la draiva. Ni hatua halali kabisa, imo kwenye kila maelekezo. Mafundi wengi mtumiaji huyo humwita "jaribio". Mashine ilimuuliza Lorna jina kamili la mtumiaji mpya. Aliandika, akalisoma tena herufi kwa herufi, kisha akaurudisha ule ukurasa wa kuingilia.

Ukutani sasa majina yalikuwa mawili, moja juu ya lingine.

Adrian Muriuki.

Muriuki Adrian.

Kwa mgeni, hayo ni majina yaleyale yamepinduliwa. Kwa Kanja si hivyo. Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye miteremko ile, Embu au Meru, akiona Muriuki Adrian hahitaji kuelezwa. Ni Muriuki, mwana wa Adrian. Ni mtoto aliyebeba jina la babu yake mzaa baba, na mtoto wa namna hiyo huwa ni mmoja tu, wa kwanza. Wanawake ndio waliosoma mapema. Minong'ono ilianza upande wao, ikaruka njia ya katikati, ikafika Mikinduri.

Mzee Muriuki hakuelewa. Aliliona jina lake mwanzo wa mstari, akadhani vijana wa mitambo wanamtambua kama mwenyekiti, akainua mkono kuwapungia watu. Alipungia kanisa lote, hata wale wa nyuma.

Lorna aliingia na jina jipya. Ukuta ukawa mweusi, ukamulika mara moja, ukarudi na majina mawili. Akajaribu tena, taratibu, ili kila mtu apate nafasi. Majina yakarudi. Basi ni draiva, alisema kwa sauti ya kazi, kana kwamba kuna aliyekuwa anamsikiliza.

Adrian alitoka ofisini na boksi mkononi, akainua macho ukutani, akasimama. Mchungaji alimsogezea uso na kumuuliza, huku kipaza sauti kikiwa mkononi, huyo wa pili ni nani.

Hapo ndipo Lorna alipogeuka kumtazama. Alimpa nafasi, hilo lazima lisemwe. Ingalimtosha Adrian kusema neno moja, au hata kuinamisha kichwa, na yeye angeridhika, angemaliza kazi na kurudi nyumbani. Adrian alimtazama baba yake, akawatazama wajomba, akajilamba midomo.

"Hakuna mtu, Pasta. Imegeuza tu jina langu. Ni makosa ya mashine."

Kipaza sauti kilibeba maneno hayo mpaka mwisho wa kanisa na ng'ambo ya bahari. Mchungaji, kwa kutaka amani, akayarudia: tuvumiliane wapendwa, ni makosa ya mashine tu.

Hasira iliyompanda Lorna ilikuwa ya namna nyingine, nzito na tulivu. Alirudi kwenye maandishi meupe, akaing'oa draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi, mizizi na matawi, ili mfumo urudi kwenye ile draiva yake ya kawaida inayokuja nao. Kisha akawasha mashine upya. Sasa kadi ikikosa draiva yake kwa mara ya kwanza, skrini huja kubwa kupita kiasi mpaka uirekebishe. Lorna alijua itakuja hivyo. Majina yalitokea yakiwa yameujaza ukuta kutoka dirisha hadi dirisha, na lile la Muriuki Adrian lilikuwa juu ya kichwa cha mchungaji, kila herufi ukubwa wa sahani.

Cicily alisimama.

Hakumtazama mumewe. Alishuka njia ya katikati kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, akafika benchi la nyuma, akapiga magoti mbele ya Bebi. Alimshika masikio, akayakunja kidogo akayatazama kwa nyuma. Akamvua kiatu kimoja akatazama vidole. Alichokiona alikijua mwenyewe, maana amekaa na vidole hivyo katika ndoa maisha yake yote. Akamnyooshea mikono mama yake Lorna.

"Nipe mume wangu," alisema.

Kule kwetu nyanya humwita hivyo mjukuu mwenye jina la mumewe, na akishamwita hivyo mbele za watu, hakuna baraza la wazee linaloweza kulirudisha neno hilo. Mama yake Lorna alimwachilia mtoto huku machozi yanamtoka. Cicily alimbeba hadi mbele na kumkalisha mapajani pa Mzee Muriuki bila kumuomba ruhusa. Mtoto akaishika tai ya babu yake akaivuta, na mzee, aliyekuwa bado hajaelewa kama aendelee kupunga mkono au afanye nini, akamshika asianguke.

Lorna aliyaona yote kutoka kwenye meza ya mitambo. Alitaka kulia, akajizuia, kwa sababu hakutaka Adrian afikiri ni majuto. Akaingia kwenye kompyuta kwa jina la Adrian, kwa nywila aliyomwona akiiandika pale kando yake. Ukuta ukawa mweusi kidogo, kisha ukafunguka vizuri, hakuna kurudishwa, picha safi. Kazi ilikuwa imekwisha. Akafungua ukurasa wa matangazo, na hapo pakatokea picha ya Adrian na Linda wakitabasamu kwenye nyasi, na chini yake maneno ya tangazo la tatu na la mwisho.

Mchungaji alilisoma. Mtu angemhurumia, maana sauti ilikuwa inamtetemeka kama ya mtahiniwa. Alipofika kwenye swali alisimama, kisha akauliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi.

Kanisa zima lilimgeukia Lorna. Hata wajomba waligeuka. Adrian naye alimtazama, na macho yake yalikuwa yanaomba kwa namna ambayo Lorna aliisubiri tangu siku ya kile kidole.

"Mimi sina pingamizi, Pasta," alisema. "Nilikuja kurekebisha kompyuta."

Alisema hivyo akiwa na furaha. Alitaka Adrian aoe na aibu hiyo, aende nayo nyumbani, ale nayo, alale nayo, na kila anayemuuliza habari za harusi amuulize na habari za mtoto. Hicho ndicho kilikuwa kisasi chake, na alikuwa amekipanga kiishie hapo. Jambo moja tu hakulipanga. Katika muda wote wa kukaa nyuma na kupika hasira yake, hakuwahi hata mara moja kumfikiria Linda kama mtu, alimfikiria kama sehemu ya Adrian, kitu chake kingine kipya, kama ile kadi.

Mchungaji alivuta pumzi ya nafuu, akafungua mdomo kuendelea. Upande wa kulia, katikati ya mashangazi zake, Linda alisimama. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha. Shangazi mmoja alimvuta gauni akae, naye Linda akautoa ule mkono kwa upole.

"Mimi ninalo," alisema.

Adrian alianza kumwendea, akisema sweetheart, wacha tuongee nje. Linda hakumsogelea wala kumkwepa. Alikuwa anamtazama mtoto aliyeketi mapajani pa mzee, na tai mdomoni.

"Huyo ni damu yako, na umesimama hapo umemwita makosa ya mashine," alimwambia. "Na wale nitakuzalia mimi, siku wakikuletea shida, utawaita nini?"

Adrian aligeuka, na kwa mazoea ya siku ile akamtazama Lorna, kana kwamba hilo nalo lina vitufe ambavyo Lorna angeweza kumbonyezea.